Mkasi Ukutani

Jumatano wapimaji waliingia mtaa wa Kwa Madebe na kopo la rangi nyekundu, na ilipofika saa nane mchana walikuwa wameshaandika nyumba arobaini na sita. Walianzia juu, kwenye mashine ya kusaga, wakateremka na kichochoro mpaka kwa Demetria muuza dagaa. Kwenye ukuta wa Demetria wakachora mistari miwili iliyopishana, chini yake wakaandika 46, wakafunika kopo. Nyumba inayofuata, hatua tatu tu kutoka hapo, ilikuwa ya Bakari Mkwinda. Hiyo hawakuigusa.

Bakari alikuwa kibarazani tangu asubuhi, kavaa shati la sikukuu kwa ajili yao. Alinyanyuka.

"Jamani, mbona mie mmeniruka?"

"Wewe bado, mzee," kijana mwenye brashi akajibu huku anapangusa mikono kwa gunzi la mahindi.

"Bado leo au bado kabisa?"

Kijana akacheka, akawafuata wenzake. Kicheko kile Bakari alikaa nacho mpaka jioni, anakitafuna polepole kama mtu aliyesikia jiwe kwenye wali na hajui liko upande gani.

Habari ya mradi ilikuwa inajulikana. Miezi miwili nyuma kampuni ilileta ofisi ya kata sanduku la kioo, ndani yake mna mji wa makaratasi magumu: maghorofa ya kwenda juu mara nne, chini maduka, juu vyumba vya kuishi, na katikati bustani ya sponji iliyopakwa rangi ya majani. Mlikuwa hata na watu wa plastiki, wadogo kama punje za mpunga, wamekaa kwenye mabenchi. Watu wa Kwa Madebe waliinamia kioo kile wakitafuta nyumba zao. Mwajabu, mke wa Bakari, alitafuta mpaka pumzi yake ikaweka ukungu.

"Mama, usiegemee," mlinzi akamwambia.

"Nyumba yangu mbona siioni?"

"Hizo ni za baadaye."

"Na hiyo baadaye sie tutakuwa wapi?"

Mlinzi akafuta ukungu kwa mkono wa shati. Nyuma ya mlango, palipokuwa na giza, palikuwa na tangazo la kurasa mbili limebandikwa. Lilikuwa la Kiingereza. Hakuna aliyelisoma.

Basi alama zilipokuja, watu walikimbilia kwa Mzee Badru, mjumbe wa nyumba kumi. Mzee Badru alikuwa amewauliza wapimaji, na wao wakamjibu kwa haraka huku wanatembea. Maneno yao akayarudia kama yalivyo: "Aliyewekewa alama ameandikwa. Asiyewekewa hajaandikwa. Basi." Hakuwa amewauliza ameandikwa wapi wala ameandikwa nini, maana aliogopa kuonekana hajui.

Watu wakalijaza neno hilo wenyewe. Mwaka wa sensa, themanini na nane, karani akimaliza kuhesabu alikuwa anachora chaki mlangoni, na asiye na chaki alikuwa kama hayupo duniani. Miaka ya foleni, walioandikwa kwenye daftari la duka ndio waliopata sukari na sabuni. Kwa maisha yao yote kuandikwa lilikuwa jambo la heri. Kufika magharibi ilikuwa imeshakubalika Kwa Madebe nzima kwamba walioandikwa watapewa chumba ghorofani, na wasioandikwa watapakiwa kwenye lori wakamwagwe Chanika porini.

Demetria akaja na ungo wake mkononi. "Mama Shamimu, nikishahamia juu nitakuwa nakutupia maganda ya ndizi mwenzangu. Ukae mkao wa kudaka."

Alikuwa anatania, na Mwajabu akacheka naye. Lakini aliporudi jikoni alijikuta kashika mwiko na hakuna chungu motoni.

"Baba Shamimu, umewafanyia nini wale vijana?"

"Niwafanyie nini?"

"Labda hukuwasalimia vizuri."

"Watoto wale! Mie ndio niwaamkie?"

"Mwenye brashi ni yeye, si wewe."

Ndani, kwenye chumba cha nyuma, binti yao Shamimu alikuwa amelala na kichanga cha siku ishirini na mbili. Arobaini ilikuwa bado. Mzazi hatoki nje na mtoto haonyeshwi jua la barabarani. Chumba cha mbele alipanga Mwalimu Tusajigwe, mwanamke wa Tukuyu, na kodi yake ndiyo iliyokuwa inanunua unga tangu kiwanda cha nguo kilipouzwa na Bakari akapewa barua ya kupunguzwa. Vyumba vitatu, na kila kimoja kina mtu asiye na pa kwenda. Bakari aliyahesabu hayo usiku wote wa Jumatano, na wa Alhamisi akayahesabu tena.

*

Ijumaa adhana ilipotoka, wanaume wote wa mtaa wakashika njia ya msikitini. Bakari alimwambia mkewe tumbo linamsokota. Mwajabu mwenyewe alikuwa amekwenda bombani, na foleni ya maji Ijumaa haiishi mapema.

Bakari alikuwa ameliona tangu jana lile kopo. Vijana walilitupa nyuma ya mashine ya kusaga, chini kumebaki rangi ya vidole viwili iliyoanza kuganda. Aliliokota akalifunika kwa gazeti, akatia mafuta ya taa, akakoroga kwa kijiti. Brashi hakuwa nayo. Alichukua kumbi la nazi, akaliponda ncha kwa jiwe mpaka likawa na nyuzi.

Mstari wa kwanza ulitoka mnene juu na mwembamba chini. Wa pili ukapita vizuri zaidi. Kutoka msikitini ilimfikia sauti ya imamu, na ingawa maneno hayakusikika, Bakari aliona aibu kama vile anatajwa yeye kwa jina. Akalificha kopo nyuma ya banda la kuku, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaingia ndani akajilaza.

Watu waliporudi kutoka kuswali, wa kwanza kuona alikuwa Mzee Badru.

"Eeh! Wamerudi saa ngapi hawa?"

"Saa ile ya hotuba," Bakari akasema toka dirishani. "Niliwasikia tu."

"Basi umeandikwa, Bakari. Mshukuru Mungu."

"Namshukuru."

Mwajabu alipofika na ndoo kichwani alisimama mbele ya ukuta, maji yanamdondokea shingoni. Aliingia akaitua ndoo, akaenda kumfinya mguu mumewe kwa furaha, kama alivyokuwa akimfanyia zamani wakiwa vijana. Ndipo akasikia harufu ya mafuta ya taa. Akaiacha.

*

Mwalimu Tusajigwe alirudi Jumamosi mchana kutoka kikao cha walimu kilichomweka mbali na mtaa tangu Jumatano, mkoba wa madaftari begani. Alisimama kibarazani akatazama ukuta, akatazama wa Demetria, akatazama tena.

"Shikamoo baba. Huu mkasi nani kauweka?"

"Marahaba. Mkasi gani, mwalimu?"

"Huo ukutani. Darasani mie mtoto akipata namwekea vema, akikosa namwekea mkasi. Sijawahi kuona mtu anawekewa mkasi halafu akapewa zawadi."

Bakari alicheka. Kicheko chake kilitoka kikubwa kuliko alivyotaka. "Hiyo ya shule, mwalimu. Hii ya serikali."

"Serikali ilisoma wapi, baba?"

Jioni hiyo gari la matangazo likapita, spika juu: atakayefuta, kukwangua au kufunika alama ya mradi, atachukuliwa hatua. Farhan kinyozi, ambaye alikuwa ameipaka chokaa alama ya kwake kwa sababu iliharibu picha za mitindo alizochora ukutani, alichukuliwa jioni hiyo hiyo. Alirudi Jumatatu asubuhi. Alifungua saluni yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Poa tu," huku anatazama chini.

Kama alama ni ya heri, kwa nini anayeifuta akamatwe? Bakari aliligeuza swali hilo Jumapili nzima. Jumatatu akavaa tena shati la sikukuu, akaenda ofisi ya kata kwa miguu.

*

Mpima mkuu aliitwa Audax, mtu wa Bukoba, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alimpa kiti, na hilo peke yake lilimtia Bakari hofu.

"Mzee Mkwinda. Nyumba ya mwisho, baada ya mama wa dagaa." Akatembeza kalamu juu ya ramani. "Haumo."

"Simo?"

"Mstari wa bustani unakata hapa. Hatua mbili toka ukuta wako. Zile arobaini na sita ndizo tunazovunja, wewe unabaki. Tena una bahati, mlango wako utatazamana na bustani. Weka friji ya soda hapo mbele, utakula na wajukuu."

Bakari alisikia neno moja tu, kuvunja. "Sasa... ukutani kwangu kuna alama. Labda watoto. Wamecheza."

Audax akavua miwani. "Watoto wenu hawana adabu. Alama za kwetu zina namba chini. Ya kwako ina namba?"

"Haina."

"Basi usihangaike. Nimewaambia watu wa tingatinga, mkasi usio na namba wasiuguse. Ila na wewe usifute, mzee. Ukifuta wataleta maneno."

Hata yeye mpima aliuita mkasi. Bakari alimshika mkono kwa mikono miwili, akatoka akatembea kwa haraka, mara anakimbia. Njiani alinunua mua, kipande kirefu cha kumpelekea mzazi.

Sasa, wakati Bakari yuko ofisini amekaa kwenye kiti cha Audax, Mwajabu alikuwa bombani. Na bombani Demetria alikuwa anasema: "Namba ndiyo yenyewe. Alama bila namba utaitwaje? Watakaa pale mezani na daftari, namba moja, namba mbili. Wewe utajibu wanakuita nani?"

Mwajabu alirudi na ndoo nusu. Alizunguka nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo tangu Ijumaa kuku walikuwa wanapakwepa. Akalikuta kopo, na kumbi lenye nyuzi nyekundu. Hakukasirika. Alikaa chini kidogo akilitazama lile kumbi, akamwonea huruma mumewe kwa kufanya jambo hilo peke yake. Akasema moyoni, kazi yake hakuimaliza.

Namba alikuwa anazijua. Alizisoma kisomo cha watu wazima, miaka ile ya kampeni, chini ya taa ya karabai, na cheti chake mpaka leo kiko kwenye sanduku la nguo. Nne aliiandika wazi juu kama alivyofundishwa. Saba akaikata kiuno kwa kistari, isije ikafanana na moja. Ilitoka nzuri, nzuri kuliko za vijana wa kampuni. Alirudi nyuma akaitazama. Alikuwa bado anaitazama wakati Bakari anatokea kwenye kona na mua begani, anacheka.

"Mama Shamimu! Haina namba! Wamesema isiyo na namba—"

Akauona ukuta. 47. Rangi ilikuwa inateremka bado kwenye mguu wa saba.

*

"Ungeniambia!" Mwajabu akasema.

"Nikwambie nini? Nilijua unajua!"

"Nilijua nini? Wewe ndiye uliyeanza, Baba Shamimu. Mie nimemalizia tu."

"Umemalizia kweli."

Walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya mtoto na kwa sababu ya Demetria. Bakari alichukua kitambaa akafuta namba. Rangi ikatanda, namba ikawa kubwa zaidi na bado inasomeka. Mwajabu akachukua kisu akakwangua. Plasta ikamomonyoka kipande cha kiganja. Wakaacha. Palikuwa panaonekana kabisa kama pamekwanguliwa, na wote wawili wakamfikiria Farhan kwenye kile kiti.

Jumanne Bakari alirudi ofisi ya kata kusema ukweli wote. Audax hakuwepo, alikuwa amepanda treni usiku, amefiwa na mama yake. Karani aliyebaki alisikiliza mpaka mwisho huku akinoa penseli.

"Kwa hiyo wewe umeghushi alama ya mradi."

"Nimekosea, mwanangu."

"Na mkeo akaghushi namba."

"Amekosea na yeye."

"Haya mambo ya kuandika, mzee. Siyo ya kuongea." Akasema mafaili Audax aliyafungia, na ufunguo ameondoka nao.

Mwalimu Tusajigwe aliandika barua kwenye karatasi ya katikati ya daftari. Aliandika vizuri, akaweka mkato na nukta panapotakiwa, na alipofika kwenye maneno "mimi mwenyewe kwa mkono wangu" aliinua macho.

"Baba, niandike hivi hivi?"

"Andika. Uongo nimeshausema wa kutosha."

Karani akagonga muhuri, IMEPOKELEWA, akampa nakala. Bakari aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati. Jumatano wale arobaini na sita waliitwa mezani mmoja mmoja, wakapewa bahasha na karatasi ya kiwanja cha Chanika. Hakuna aliyeitwa wa arobaini na saba. Demetria aliifungua bahasha pale pale nje, akaitazama ndani muda mrefu, akaifunga tena. Hakutania mtu.

*

Tingatinga lilikuja Alhamisi saa mbili asubuhi, la njano, limechakaa. Mlio wake ulitangulia. Vikombe vilikuwa vinagongana kabatini kabla halijaonekana. Nyuma yake alitembea msimamizi, Projestus, mwenye kofia ya plastiki na bodi ya kuandikia. Kila nyumba ilichukua muda wa kunywa chai. Ya mashine ya kusaga, ya Farhan na picha zake za vichwa, ya Mzee Badru ambaye alisimama pembeni ameshika kiti chake cha ujumbe, hajui akiweke wapi.

Kwa Demetria lilipomaliza, vumbi likapita mpaka ndani kwa Bakari, likatua kwenye chandarua cha mtoto. Bakari akatoka akasimama mbele ya ukuta wake, mikono ameifungua.

"Bwana mkubwa, hii siyo. Alama hii nimeiweka mimi."

Projestus hata hakusimama vizuri. "Mzee, tangu asubuhi wewe ni wa tisa. Kila mtu leo kajiwekea mwenyewe."

"Mie kweli!"

"Na wenzako walisema kweli."

"Na namba nimeiandika mie," Mwajabu akasema. "Tazama saba. Za kwenu zina kistari? Tazama!"

Dereva akacheka juu kule. Bakari akatoa barua, akaikunjua. Projestus akaisoma, midomo inacheza.

"Imepokelewa," akasema. "Haijaandikwa imekubaliwa."

"Tazama orodha yako basi. Arobaini na saba ipo?"

Projestus akafunua bodi. Kidole kilishuka na ukurasa kikafika chini, kikabaki hapo. "Inaishia arobaini na sita."

"Si unaona!"

"Naona." Alitazama ukuta, akatazama palipokwanguliwa, akatazama tingatinga linalonguruma na kunywa mafuta. "Mzee, sikiliza. Orodha ni ya watu wa malipo. Mie nimetumwa kwenye kuta. Ikibaki nyumba yenye mkasi na namba, wataniuliza nimekula shilingi ngapi kwako."

"Bwana Audax alisema—"

"Audax yuko wapi?"

Projestus alitazama saa. "Nakupa robo saa utoe vyombo. Hiyo naifanya kwa ajili ya mvi zako."

Wakatoa. Mwalimu alibeba madaftari ya watoto wa watu kabla ya nguo zake. Demetria, ambaye hakuwa na nyumba tena, aliingia kusaidia, akatoka na chandarua na sufuria. Mwisho akatoka Shamimu. Alisimama kizingitini, kanga imemfunika yeye na mtoto, akakataa kuvuka.

"Mama, arobaini bado. Siku thelathini leo."

"Toka, mwanangu."

"Bado, mama."

"Najua bado. Toka."

Mwajabu akavua kanga yake ya juu akaitandaza juu ya kichwa cha binti, akamshika mabega akamvusha. Mtoto alikutana na jua la saa kumi, akapiga chafya ya vumbi, mara mbili. Nyuma yao ukuta wa mbele ulisukumwa ukaanguka kwa ndani wote kwa pamoja, na ile saba yenye kistari ikaenda nao.

*

Mvua za masika zilipokwisha, bustani ilipandwa. Majani yaliletwa na lori yakiwa yameviringishwa kama mikeka. Kamba ya mpaka ilipita palepale Audax aliposema, hatua mbili kabla ya mahali ulipokuwa ukuta. Kiwanja cha Bakari kilibaki cha Bakari. Hakuna aliyekitaka, hakuna aliyekidai, na hakuna aliyemjibu barua. Maghorofa yalisimama upande wa pili, na jioni watu wageni walikaa kwenye mabenchi, nyuso zimeelekea kwake.

Alijenga kibanda cha mabati na mbao za makasha. Mwalimu alikuwa amehamia Kibamba; alipokuja kuwatembelea alileta sabuni na unga, akakaa nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya magoti.

Mwalimu alilala hapo usiku mmoja, amejikunja. Alfajiri akaamshwa na sauti ya kusugua. Alichungulia akamwona Mwajabu na ndoo na kitambaa, anakizunguka kibanda, anapitisha kiganja juu ya bati moja baada ya jingine, halafu anapangusa. Mabati yalikuwa makavu, masafi. Hayakuwa na mkasi wala namba.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

Mwajabu hakugeuka. Alikamua kitambaa, akaanza upande wa pili.

"Sitafuti, mwalimu. Nafuta."